Hisabu ya Ndege wa Mwitu

Mwanzoni mwa karne ya 19, Alexander Wilson, mfumaji wa nguo wa Scotland aliyehamia Marekani na kujitia katika elimu ya ndege mpaka akawa bingwa wake, alisimama katika nchi ya Kentucky akitazama kundi la njiwa wa mwitu likipita juu ya kichwa chake, na kwa kuwa kundi lile halikukatika kwa muda wa saa nyingi, akaona afadhali alikadirie kuliko kulistaajabia tu. Alikisia kuwa upana wa kundi ulikuwa maili moja, mwendo wake maili moja kwa dakika, muda wa kupita kwake saa nne, na katika kila yadi moja ya mraba walikuwamo njiwa watatu. Akazidisha hiki kwa kile, akapata njiwa 2,230,272,000. Kwa tarakimu jumla hiyo ni kamili mno, hata mtu angedhani kila njiwa aliitwa kwa jina lake akaitika, ilhali msingi wake wote ulikuwa makisio ya jicho, na kila kisio liliweza kuzidi au kupungua kwa nusu nzima. Njiwa wale walipigwa bunduki, wakanaswa kwa nyavu, misitu yao ikafyekwa, na tarehe 1 Septemba 1914 wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, akafa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Wilson aliwahesabu walipokuwa wengi. Walipokuwa wakipungua hapakuwekwa daftari la kuonyesha kwa ithibati wanapungua wangapi kwa mwaka, na kwa sababu gani.

Nimeanza na mkasa huo si kwa kumdharau Wilson, maana alikuwa mtu hodari, bali kwa sababu hisabu yake ilikosa kitu kimoja ambacho wanachuoni waliomfuata walihitaji zaidi ya karne nzima kukipata, nacho ni kipimo cha shaka. Ndege wa mwitu hangoji kuhesabiwa. Anayeonekana leo huenda ndiye yule aliyeonekana jana na huenda ni mwingine. Asiyeonekana huenda amekufa, au amehama, au amejificha nyuma ya jani moja tu, yu hai na anamtazama mwenye kumtafuta. Watu ninaowasimulia hapa ni wale waliojifunza, taratibu na kwa makosa mengi, kuwatia hisabuni hata ndege wasiowaona.

Hatua ya kwanza haikutoka kwa mwanahisabu. Hans Christian Mortensen alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, na mwaka 1890 alijaribu kuwavisha kwezi pete za zinki miguuni, akaona ni nzito na zinawaudhi, akaiacha kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1899 akairudia kwa pete za alumini, madini mepesi yasiyomlemea ndege, kila pete ikiwa imechorwa namba yake peke yake pamoja na jina la mji, na mwaka huo akawavisha kwezi 165. Watu wa kale nao waliwahi kuwafunga ndege nyuzi na vikuku, lakini uzi hauna zaidi la kusema ila kwamba ndege huyu alipata kushikwa na mwanadamu. Namba ndiyo iliyompa kila ndege jina katika rejista, hata akiokotwa mbali na baada ya miaka, aweze kuulizwa alitoka wapi na lini. Johannes Thienemann, aliyeanzisha mwaka 1901 kituo cha kuchungulia ndege huko Rossitten, katika ulimi wa mchanga wa pwani ya Baltiki, aliishika kazi hiyo akawavisha pete kunguru na korongo. Na mwaka 1909 Uingereza ikapata mipango miwili kwa mkupuo, mmoja wa Harry Witherby na wa pili wa Landsborough Thomson katika chuo kikuu cha Aberdeen.

Mavuno yalikuwa machache, lakini yalikuwa ya ajabu. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete katika jimbo la Staffordshire mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mbayuwayu huhama au hujizika katika matope ya maziwa wakati wa baridi, na watu wenye heshima zao waliishikilia dhana ya matope. Kipande kidogo cha alumini kikaimaliza hoja hiyo kwa namba yake tu. Hata hivyo kwa miaka mingi pete ilitumika kwa jiografia peke yake. Kila aliyepata habari ya pete aliuliza ndege amefika wapi, na hapana aliyeuliza sana ameishi muda gani.

Swali la umri liliulizwa kwa bidii na David Lack, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, huko Devon kusini ya Uingereza, na ambaye kwa miaka kadhaa aliwavisha pete za rangi robini, yaani wale ndege wadogo wenye kifua chekundu wanaopendwa na Waingereza, mpaka akaweza kumjua kila mmoja kwa miguu yake. Lack alifahamu kwamba pete zilizorudishwa na watu zilikuwa na habari ya mauti pamoja na habari ya safari, na kwamba mtu akiwa na tarehe ya kuvishwa pete na tarehe ya kufa anaweza kuwatungia ndege jedwali la maisha, mfano wa lile ambalo Edmond Halley aliwatungia watu wa mji wa Breslau mwaka 1693. Jibu alilopata, na kulieleza katika kitabu chake juu ya maisha ya robini mwaka 1943, liliwashangaza wengi: katika kila robini wakubwa 100 wanaouanza mwaka, kadiri ya 60 huwa wamekufa kabla haujaisha, na ndege ambaye kizimbani aweza kupita miaka kumi, mwituni hana matumaini ya kuzidisha sana mwaka mmoja. Waliozoea kudhani kwamba robini wa bustanini mwao ni yule yule wa mwaka juzi walilazimika kukubali kuwa aghalabu wamekuwa wakiwalisha warithi wa warithi wake.

Lakini hisabu ya mauti ina mtego ndani yake. Mwenye kuokota pete ameokota ya ndege aliyekwisha kufa. Walio hai hawaleti taarifa. Ukiwavisha pete ndege kwa miaka mitano kisha ukafanya hisabu mara moja, waliokufa wadogo wamekwisha ingia daftarini, na wale watakaokufa wazee wangali wanaruka, kwa hiyo jedwali lako litawafanya ndege wote waonekane wenye maisha mafupi kuliko yalivyo. J.B.S. Haldane, ambaye akili yake ilizunguka baina ya nasaba za viumbe, siasa na hisabu bila ya kuchoka, aliushughulikia mtego huo katika makala aliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa wanachuoni wa ndege mjini Basel mwaka 1954, akaonyesha namna ya kukadiria kiwango cha vifo kwa pete zilizokwisha rudi peke yake, bila ya kungoja ndege wa mwisho afe, maadamu kiwango hicho hakibadiliki kwa umri. Sharti hilo la mwisho ni zito, na wengi walilisahau walipoitumia kanuni yake.

Kabla ya hapo Mmarekani Frederick Lincoln alikuwa ameitumia pete kwa swali jingine, nalo ni la idadi. Wazo lenyewe si geni, kwani mwanahisabu Laplace aliwakadiria watu wa Ufaransa kwa uwiano wa namna hiyo, na Petersen wa Denmark akalitumia kwa samaki. Lakini Lincoln ndiye aliyelipeleka kwa mabata, katika waraka wake wa mwaka 1930. Tuseme mabata 1,000 wamevishwa pete, kisha wawindaji wakawapiga mabata 5,000 katika majira ya uwindaji, na katika hao 50 wakakutwa na pete. Kama wenye pete ni mmoja katika kila 100 ya waliouawa, basi ni mmoja katika kila 100 ya wote, na jumla ya mabata ni 100,000. Hisabu hiyo mtoto wa shule anaiweza. Ugumu wake umo katika yale inayoyachukulia kuwa kweli pasi na kuuliza: kwamba pete haidondoki, kwamba ndege aliyevishwa hakuwa mzembe kuliko wenziwe, kwamba wote wamechanganyika sawasawa, na kwamba mwindaji akiikuta pete ataipeleka inakotakiwa badala ya kuifanya pambo la mnyororo wa funguo. Mimi naona hilo la mwisho limeharibu hisabu nyingi kuliko yote, kwa kuwa linategemea tabia ya mwanadamu, nayo haina jedwali.

Sasa niruhusiwe kuwarejesha wasomaji kwetu, kwenye milima ya Usambara, ambako Wadachi walianzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa kilimo mahali panapoitwa Amani. Mwaka 1928 alifika hapo Mwingereza Reginald Moreau, mtu ambaye hakupata kusomea elimu ya viumbe katika chuo chochote. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa hisabu za serikali, na maradhi ya viungo ndiyo yaliyomwondoa Uingereza na kumpeleka Misri kutafuta jua. Huko Misri alianza kuwapenda ndege, na Amani, alikopewa kazi ya maktaba na ukatibu, akawafanya kuwa shughuli ya maisha yake. Nadhani ukaguzi wa hisabu ulimfaa kuliko shahada. Mkaguzi hamwamini mtu kwa kauli yake, hutaka stakabadhi. Moreau naye hakuridhika kuandika kwamba ndege fulani huwalisha makinda wake mara kwa mara, bali alitaka kujua ni mara ngapi kwa saa, tangu alfajiri mpaka magharibi, na ni dume au jike aliyeleta chakula.

Kazi ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuifanya, naye Moreau hakuifanya peke yake. Alisaidiwa na mkewe Winifred, ambaye jina lake amepewa ndege mmoja wa milima ya Uluguru, na alisaidiwa na Waafrika waliokaa mbele ya viota kutwa nzima, jua na mvua, wakiandika kila kuja na kila kuondoka kwa ndege. Mashuhuri katika wasaidizi wake ni Salimu Asmani, aliyefanya naye kazi miaka mingi katika kuwatafuta na kuwakusanya ndege wa misitu ile. Mwaka 1939 Moreau alianza kuchapisha katika majarida ya London tarakimu za mwenendo wa ndege wa Afrika kiotoni, akitangulia na mbayuwayu mwenye mkia wa nyuzi mbili, na msomaji wa makala hizo akiona safu za dakika na saa zilizopangwa kwa uangalifu, ni haki akumbuke kwamba nyuma ya safu hizo palikuwa na macho ya watu wa Usambara ambao majina yao, isipokuwa machache, hayakutiwa katika vichwa vya makala. Hilo ni deni la elimu hiyo, wala halijalipwa lote.

Kilichomtaabisha Moreau zaidi kilikuwa jambo dogo kwa sura: kwa nini ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache? Robini wa Uingereza hutaga matano au sita, na ndege wa kwetu wanaolingana naye kwa umbo na mwenendo aghalabu hutaga mawili au matatu. Mwaka 1944, akiwa angali Amani wakati wa vita, alichapisha makala ndefu iliyolinganisha mayai ya ndege wa Afrika kwa kufuata umbali wao na mstari wa Ikweta, akathibitisha kwa tarakimu kwamba kwa jumla idadi ya mayai hupungua kadiri mtu anavyoukaribia mstari huo. Lack, aliyekuwa amepata kumzuru Amani katika miaka ya 1930, aliipokea hoja hiyo akaifanya yake: alisema kila ndege hutaga kadiri ya makinda anaoweza kuwalisha, na kwa kuwa siku za kaskazini wakati wa kiangazi ni ndefu, mzazi wa kule ana saa nyingi za kutafuta riziki kuliko mzazi wa Tanga. Alexander Skutch, aliyeishi na ndege wa Costa Rica, akampinga mwaka 1949, akasema ndege wa nchi za joto huzaa wachache kwa sababu wakubwa wao hawafi ovyo, na kwa sababu kila safari ya kupeleka chakula kiotoni ni dalili kwa nyoka. Mabishano yao hayajesha hata leo, na kila upande una viota vyake vya kuonyesha. Ila hapana aliyebishana na tarakimu za Moreau.

Lack aliposhika uongozi wa taasisi ya ndege ya Oxford mwaka 1945, alijua kwamba hoja hizo hazitakatwa kwa maneno. Mwaka 1947, akiufuata mfano wa Waholanzi waliotangulia, alianza kutundika masanduku ya viota katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, kwa ajili ya ndege wadogo wenye kichwa cheusi na kifua cha manjano ambao hupenda kutaga matunduni. Kila mwaka mayai yakahesabiwa, makinda wakapimwa uzito na kuvishwa pete, na kazi hiyo haikukoma kwa kufa kwake mwaka 1973. Moreau naye alikuwa ameondoka Amani mwaka 1946, akawa mhariri wa jarida la Ibis na mwenzi wa Lack huko Oxford.

Kuna kisiwa katika funguvisiwa la Orkney, kaskazini ya Scotland, kiitwacho Eynhallow, ambacho hakikaliwi na watu. Huko fulmari, ndege wa bahari wa rangi ya kijivu na nyeupe, hutaga yai moja tu kwa mwaka, na mwaka 1950 wanachuoni wa Aberdeen walianza kuwavisha pete za rangi na kuwarudia kila kiangazi. George Dunnet aliyeongoza kazi hiyo alipigwa picha akiwa kijana ameshika fulmari, akapigwa nyingine zaidi ya miaka 30 baadaye, kichwa kimejaa mvi, ameshika fulmari yule yule ambaye sura yake haikubadilika hata kidogo. Lakini picha si takwimu. Fulmari asiyeonekana kisiwani mwaka huu huenda amezama baharini, na huenda ameamua kutotaga akabaki kuvinjari mawimbi, naye akarejea mwaka ujao. Ukimhesabu kila asiyeonekana kuwa amekufa, utawaua wengi walio hai.

Mwanahisabu Richard Cormack alilifumbua fumbo hilo mwaka 1964 kwa kuyatenga mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: bahati ya ndege kuwa hai, na bahati ya ndege aliye hai kuonekana. Fulmari aliyeonekana mwaka wa kwanza na wa tatu lakini si wa pili ametoa ushahidi mkubwa bila ya kujua, maana ni yakini alikuwa hai mwaka ule wa pili na macho ya watafutaji yalimkosa; wakihesabiwa wa namna hiyo, hujulikana macho hukosa wangapi, na likijulikana hilo, vifo vya kweli hujitenga na vya kudhaniwa. Mwaka uliofuata George Jolly wa Edinburgh na George Seber wa New Zealand, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha katika jarida moja, Biometrika, kanuni iliyolipanua wazo hilo mpaka idadi ya kundi lote ikaweza kukadiriwa pamoja na kipimo cha shaka yake. Ikaonekana kuwa katika kila fulmari wakubwa 100 wa Eynhallow, karibu 94 huuona mwaka wa pili. Mwenye maisha ya namna hiyo hana haja ya mayai sita.

Hisabu hizi hazikukaa vitabuni. Waingereza walianzisha mwaka 1962 sensa ya kila mwaka ya ndege wa mashamba, ikifanywa na watu wa kujitolea waliotembea mashamba yale yale alfajiri na ramani mikononi, kwa hofu ya madawa ya kilimo na kung'olewa kwa nyua za miti. Majira ya kuchipua ya mwaka 1969, ndege mmoja mdogo mwenye koo jeupe, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa wa kawaida kila kichakani, hakurudi: idadi yake ilishuka kwa asilimia 77 hivi katika mwaka mmoja. Mashamba hayakuwa yamebadilika kiasi hicho, na kisa kilikuwa mbali nayo, kusini ya jangwa la Sahara, ambako ndege hao hukaa wakati wa baridi, na ambako ukame wa Saheli ulikuwa umekwisha anza. Wafugaji wa Mali na Niger na ndege wa vichaka vya Uingereza walipatwa na msiba mmoja, na daftari ndilo lililouonyesha.

Mwaka huo huo wa 1969, upande wetu, ilianza kazi ya kuwavisha ndege pete katika mlima wa Ngulia, mbuga ya Tsavo Magharibi. Hoteli iliyojengwa juu ya mlima ule iliwasha taa kubwa usiku ili wageni waone wanyama, na usiku wa ukungu usio na mwezi, mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia waliokuwa wakipita gizani kuelekea kusini walivutwa na mwanga wakashuka kwa maelfu. David Pearson, Graeme Backhurst na wenzao walitandaza nyavu, na tangu wakati huo wavisha pete kutoka nchi nyingi hukutana hapo kila mwaka. Ndege waliovishwa wamefika malaki, nao wamepatikana tena Bara Arabu na Ulaya.

Kabla ya kufa mwaka 1970, Moreau alikuwa amemaliza kitabu chake cha mwisho, kilichochapishwa mwaka 1972, juu ya ndege wanaohama baina ya kaskazini na Afrika, na humo alithubutu kukadiria kwamba wahamaji wa nchi kavu wanaoingia Afrika kila mwaka ni milioni 5,000 hivi. Mkaguzi yule alijua udhaifu wa stakabadhi zake. Mwaka 2009 wataalamu watatu, wakiwa na sensa za nchi nyingi ambazo yeye hakuzipata, waliwakadiria wahamaji wadogo wa Ulaya peke yake kuwa milioni 2,100, wakaongeza kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa popote baina ya milioni 1,520 na milioni 2,910. Mwanya huo ni mpana, lakini mimi nauamini kuliko tarakimu kumi za Wilson.

Msomaji akiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, asiitupe wala asiifanye pambo. Aandike namba yote bila ya kuruka tarakimu, mahali, tarehe, na hali aliyomkuta ndege, apeleke habari hizo kwenye anwani iliyochorwa juu ya pete. Na ndege akiwa hai, aisome namba, kisha amwachilie aende zake pamoja na pete yake.